Bugeshi, Kati ya Milima Miwili

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ya Rwanda, nyuma ya mji wa Gisenyi, mahali ambapo ardhi huziacha fukwe za Ziwa Kivu ikapanda daraja kwa daraja kuelekea vilele vya volkano za Virunga, ipo tarafa iitwayo Bugeshi, nchi ya baridi na ukungu, ya viazi mviringo na pareto, ambayo msafiri akiipita kwa haraka hatadhani asilani kwamba amepita ukingoni mwa jangwa. Macho yake yataona kijani kibichi pande zote, na mashamba yaliyogawanywa kwa vikuta vya mawe meusi, na wanawake walioinamia matuta. Na miguu yake, kama ni masika, itazama katika tope. Lakini na aulize mto wa mahali hapo uko wapi, naye ataoneshwa pipa lililotegwa chini ya ukingo wa bati. Mto wa kudumu hakuna. Yapo makorongo tu yanayoteremka kutoka Karisimbi, ambayo siku ya mvua kubwa hufurika yakachukua udongo na pengine nyumba, na siku ya pili yakawa makavu kana kwamba hayakupata kuona maji tangu kuumbwa.

Ajabu hii haitokani na uhaba wa mvua. Mvua inyeshayo huko kwa mwaka hupita milimita 1,000, nayo ni neema ambayo watu wa Dodoma wangeipokea kwa dua. Sababu yake iko chini ya miguu. Nchi yote ya mabonde na vilima vya upande huo imejengwa na zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka tumboni mwa ardhi yakamwagika juu yake na kuganda, na mawe hayo yana nyufa na vitundu vingi hata maji hayapati pa kutulia juu yake: huzama, yakasafiri gizani chini ya mashamba, kisha yakaibuka mbali sana, kwenye chemchemi za nchi ya chini na kando ya ziwa, ambako hakuna haja kubwa nayo. Ndiyo maana watoto wa Bugeshi tangu zamani wamejua uzito wa dumu kabla ya kujua uzito wa kitabu, na wakaao katikati ya mawingu hushuka mlima kutafuta kile kile ambacho mawingu yamewamwagia usiku kucha.

Ukilitwaa jiwe moja la huko mkononi utaona kwamba ni jepesi kuliko lilivyokudanganya kwa sura, jeusi lenye wekundu wa kutu ndani yake, na uso wake umejaa vitundu kama uso wa chila iliyoiva vizuri, isipokuwa kingo za vitundu hivyo hukata kama kigae cha chupa. Mawe ya Bugeshi yenyewe ni ya kale, ni mawe ya Karisimbi, na karne nyingi za mvua, mizizi na kinyesi cha ng'ombe zimekwisha kuyasaga yakawa udongo mweusi wenye rutuba ambao mkulima wa nyanda kame angeuonea wivu. Ukivuka mpaka wa Kongo kuelekea magharibi, hata hivyo, chini ya mlima Nyiragongo, utayakuta mawe hayo hayo yangali mabichi: uwanda wa miamba iliyojikunja na kupasuka, usio na mti wala kivuli, ambapo jua la adhuhuri huchoma kutoka juu na jiwe huchoma kutoka chini, wala hapana sauti ila ya upepo na ya vibuyu vya mawe vinavyovunjika chini ya kiatu. Hilo ni jangwa kwa kila sifa ya jangwa isipokuwa mchanga na ngamia, na tofauti yake na Chalbi ya kaskazini mwa Kenya ni kwamba Chalbi ilichukua maelfu ya miaka kukauka, ilhali sehemu za jangwa hili zilizaliwa katika muda usiotosha kupika wali.

Mimi naona kwamba taarikhi ya Bugeshi haisomeki sawasawa mpaka isomwe kama taarikhi ya watu waliokaa ukingoni mwa jangwa hilo. Aghalabu wanaoiandika huanza na mpaka wa nchi mbili wakamalizia na vita, na hayo mawili ni kweli. Lakini chini ya mpaka na chini ya vita lipo jiwe, nalo ndilo lililokwisha kuamua tangu zamani mtu atapita wapi, atachimba wapi, atakunywa nini, na siku ya mauti atazikwa vipi.

Wenyeji walilijua jambo hili kabla ya wasomi, wakalisema kwa njia yao. Mtu wa Bugeshi asimamapo uani pake akielekea kaskazini, mkono wake wa kulia unakuwa na Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote ya Virunga, wenye mita 4,507, ambao asubuhi nyingine huamka umevaa theluji nyeupe kileleni. Na mkono wake wa kushoto unakuwa na Nyiragongo, wenye mita 3,470, ambao usiku, kwa miaka mingi ya karne iliyopita na hii tuliyomo, umekuwa ukiyapaka mawingu rangi nyekundu kwa moto wa ziwa lake la zaha. Baina ya milima hiyo miwili Bugeshi iko karibu katikati kabisa. Basi katika itikadi ya kale ya Wanyarwanda, ambao walimheshimu Ryangombe, mfalme wa mapepo waitwao imandwa, mtu aliyeingizwa katika jando la kubandwa akifa roho yake ilipanda Karisimbi kukaa na Ryangombe katika ubaridi na raha na pombe isiyokwisha, na yule ambaye hakuingizwa roho yake ilikwenda kutupwa katika moto wa Nyiragongo. Watu wa nchi nyingine huambiwa habari za pepo na jahanamu wakaamini bila kuona. Mtu wa Bugeshi aliyaona makao yote mawili kwa macho yake kila alipotoka kukamua ng'ombe.

Hadithi ya huyo Ryangombe husimuliwa kwa namna nyingi, nami nitaifupisha. Alikuwa mwindaji mkubwa. Siku moja mama yake aliota ndoto mbaya akamsihi asiende porini, naye akapuuza, akatoka na mbwa wake na watu wake. Njiani alikutana na mwanamke wa ajabu asiye na matiti, na mwisho wa mkutano huo mwanamke akageuka nyati, akampiga kwa pembe na kumrusha juu ya mti wa umuko, ule wenye maua mekundu, na hapo ndipo alipokata roho. Binego mwanawe akamuua yule nyati. Mti wa umuko ukawa mtukufu tangu siku hiyo, na chini yake ndipo waliokuwa wakiingizwa katika ibada hiyo walipopewa viapo vyao.

Mapadri Weupe waliofungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, si mbali na Gisenyi, waliyasikia mambo haya mapema, na mmoja wao, Padri Pagès, aliyeishi miaka mingi katika nchi hiyo ya Bugoyi, aliandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1933 juu ya ufalme wa Rwanda na desturi za watu wa kandokando ya Kivu. Wapo wasomaji waliodhani kwamba milima hii miwili ni mafundisho ya kanisa yaliyovikwa ngozi ya mbuzi wa kienyeji. Sidhani hivyo. Jahanamu ya wamishonari humchukua mwizi, mzinzi na muuaji. Nyiragongo haikuuliza mtu alitenda nini duniani, iliuliza tu kama aliingizwa au hakuingizwa, na mwizi aliyebandwa alipanda Karisimbi huku mcha Mungu asiyebandwa akielekea motoni. Hilo ni sharti la ukoo na siri, si la thawabu na dhambi. Na jambo la pili: watu walioweka roho zilizokataliwa katika jangwa la magharibi walikuwa wakisema pia jambo ambalo mtaalamu wa jiolojia angelitilia sahihi, kwamba mlima wa kulia umelala na wa kushoto uko macho.

Wala hatari ya upande wa kushoto si moto peke yake. Katika mabonde madogo ya uwanda wa zaha, zaidi upande wa miji ya Goma na Sake huko Kongo, hewa nzito ya kaboni hutoka katika nyufa ikajikusanya mahali pa chini pasipo upepo, haina rangi wala harufu, na mbuzi akiingia kula majani haonekani tena akitoka, wala mchungaji anayemfuata. Watu wa huko huita hewa hiyo mazuku. Asubuhi kabla jua halijapasha ardhi ndipo inapokuwa kali zaidi, na mama wa Goma hawatumi watoto mashimoni mapema kwa sababu hiyo.

Wageni wa kwanza kutoka pwani walioandikwa vitabuni kwamba walifika nchi hii walikuja na msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ulioondoka Pangani mwezi wa Desemba 1893. Waliingia Rwanda mwezi wa Mei mwaka uliofuata, wakaonana na mwami, yaani mfalme, Kigeli Rwabugiri, kisha wakashika njia ya magharibi mpaka Bugoyi, na mwezi wa Juni 1894 Götzen akapanda Nyiragongo mpaka ukingo wa shimo lake, akateremka kwenye Ziwa Kivu, akaendelea katika misitu ya Kongo hata akatokea bahari ya magharibi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1895, na ndani yake, kama ilivyo kawaida ya vitabu vya namna hiyo, bwana ndiye anayepanda mlima. Wapagazi waliokata njia, waliobeba mahema na maji juu ya mawe yanayopasua nyayo, hawakuandika kitu. Laiti mmoja wao angerudi Pangani akasimulia barazani, tukapata habari za mlima wa moto kwa lugha ya watu walioubeba mzigo wake! Götzen mwenyewe wasomaji wa Tanzania wanamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa gavana wa koloni la Kijerumani tangu 1901 mpaka 1906, zama za Vita vya Majimaji.

Miaka 13 baada ya Götzen ulikuja msafara mkubwa zaidi, wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, uliojaa wataalamu wa mimea, wanyama, watu na mawe. Mtaalamu wa mawe alikuwa Egon Kirschstein. Mwezi wa Februari 1908 alikuwa akipita na wapagazi wake katika uwanda wa juu wa Karisimbi, mlima huo huo ambao roho njema huenda kupumzika, alipokutwa ghafla na tufani ya mvua ya mawe na theluji. Wapagazi, waliovaa nguo za nchi ya joto, walishikwa na ganzi, wakajilaza chini katika maji ya barafu wakakataa kuinuka, wala fimbo wala maneno hayakuwasogeza. Walikufa 20. Nalisimulia jambo hili kwa urefu kuliko habari za kisayansi za msafara huo, ambazo zilijaza mabuku, kwa sababu hao 20 hawana jiwe la kumbukumbu mlimani, ilhali shimo la karibu na hapo lilipewa jina la mwanachuoni wa Kijerumani aliyekuwa amekaa salama mjini Berlin.

Mpaka ulifuata nyuma ya wataalamu. Mwaka 1885, nchi hii ilipogawanywa juu ya karatasi, waliogawanya hawakujua Ziwa Kivu liko wapi hasa, na Götzen alipolitia mahali pake katika ramani, mistari iliyonyooka ya Ulaya ikawa haina maana. Ukazuka ugomvi baina ya Wajerumani na watawala wa Kongo, ukadumu zaidi ya miaka kumi, mpaka ulipokatwa kwa mkataba wa Brussels wa mwaka 1910, na mwaka 1911 tume ya mataifa ilipita ikisimika alama ardhini. Mstari ukatoka ziwani kati ya Goma na Gisenyi, ukapanda kupitia kilima cha Hehu, ambacho kiko Bugeshi, mpaka kilele cha Karisimbi, kisha ukaruka kutoka volkano hadi volkano kuelekea Uganda. Wilaya ambazo mwami Musinga alizihesabu kuwa zake, mathalan Bwishya na Gishari, zikabaki upande wa Kongo. Watu wenye mashamba huku na ng'ombe kule hawakuulizwa.

Vita vya mwaka 1914 vilipofika, mstari huo mchanga ukawa uwanja wa kupigania. Wajerumani chini ya Kapteni Max Wintgens waliishika Gisenyi, Wabelgiji wakaishika Goma, na kwa karibu miaka miwili askari Waafrika wa pande zote mbili walilala juu ya miamba ile wakitazamana, mpaka Wabelgiji walipovuka mwaka 1916. Kilichoiumiza Bugoyi zaidi ya risasi ni matumbo ya majeshi. Chakula kilichukuliwa, watu wakashikwa kubeba mizigo wakati wa kulima, mvua nayo ikaharibika, ikaja njaa ambayo Wanyarwanda waliiita Rumanura, na vijiji vikabaki bila watu.

Mambo ya kati nitayapitia upesi. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha hifadhi iliyoitwa kwa jina la mfalme wao Albert, iliyoufunga msitu wa juu. Mmarekani Carl Akeley, aliyewashauri jambo hilo kwa ajili ya sokwe, alikufa mwaka uliofuata huko Kabara, katika shingo la nchi lililo kati ya Mikeno na Karisimbi, akazikwa hapo hapo. Baadaye pareto, ua jeupe liuwalo wadudu, ilipopanda bei, sehemu kubwa ya msitu wa upande wa Rwanda ilikatwa ikagawiwa wakulima. Siku hizi kati ya mashamba na hifadhi umejengwa ukuta wa mawe ya volkano wenye urefu wa kilomita zaidi ya 70, kimo chake hakifiki kifua cha mtu, ili kuwazuia nyati wasile viazi. Nyati mwenye njaa huutazama ukuta huo, akaupima, akapita.

Tarehe 10 Januari 1977 kuta za Nyiragongo zilipasuka, na ziwa la zaha lililokuwa limekaa juu kwa miongo ya miaka likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Zaha ya mlima huu ni nyepesi kuliko karibu zote zinazojulikana duniani, hukimbia kama maji ya mafuriko, na siku hiyo hapana mtu wala mnyama aliyeweza kuikimbia kwa miguu. Hesabu ya waliokufa haikukubaliwa na wote. Waliokuwa wachache katika taarifa za serikali walikuwa mamia kwa kauli ya wengine. Kundi la tembo lilikutwa njiani. Miili yao iliungua ikatoweka, lakini jiwe lilikuwa limeganda kuizunguka, na waliofika baadaye walikuta katika mwamba matundu yenye umbo la tembo, na ndani yake mifupa.

Baada ya miaka 17 jangwa hilo liliua bila moto. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma katika siku chache, wakiwemo wenye hatia ya damu na wasio nayo, wazee na watoto mgongoni, na kambi mojawapo kubwa ikawekwa Kibumba, ng'ambo ya mpaka, mkabala na Bugeshi. Kibumba ni nchi ya zaha. Maji hayakuwapo, yakaletwa kwa malori kutoka ziwani; vyoo havikuchimbika kwa sababu jembe liligonga mwamba kabla ya kufika kifundo cha mguu; kipindupindu kikaingia, na makumi ya maelfu wakafa katika wiki chache. Makaburi nayo hayakuchimbika. Maiti walifungwa mikekani wakapangwa kando ya barabara, mpaka zilipoletwa mashine na baruti za kupasulia mawe. Kutoka Hehu, kwa siku isiyo na ukungu, moshi wa mioto ya kambi ile ulionekana wazi. Halafu ikaja miaka ya 1997 na 1998, vita vya wacengezi, yaani waasi wapenyezaji, waliotumia misitu ya volkano kuingia na kutoka, na watu wa Bugeshi wakajifunza kulala bila kuvua viatu.

Nyiragongo ililipuka tena tarehe 17 Januari 2002, zaha ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, na mara hii mamia ya maelfu walivuka kwa upande wa pili, wakaingia Gisenyi. Ikalipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ikasimama katika mitaa ya kaskazini ya mji huo, na kwa siku kadhaa nyumba za Gisenyi zilitikiswa na kupasuliwa na matetemeko. Palipopita zaha ya mwaka 2002 sasa pamejengwa. Wenye viwanja walirudi mapema, jiwe likiwa bado na joto chini yake, wakapima kwa hatua mahali nyumba zao zilipokuwa zimezikwa, wakaweka alama, na wanawake na vijana wakaanza kuvunja mwamba kwa nyundo wakiuza kokoto.

Upande wa Bugeshi kazi hiyo haina msiba lakini haina mwisho. Kila masika mvua huosha udongo na kuibua mawe mapya, na kila kabla ya kupanda viazi mkulima huyaokota akayapandisha juu ya kikuta cha shamba lake, kikuta kikazidi kimo mwaka hata mwaka. Ndicho kinachoshuhudia mpaka wa urithi, na ndugu wakigombana mbele ya wazee, swali la kwanza huwa ni nani aliyekihamisha. Alama za mpaka wa dola, zile za 1911, hazikutunzwa hivyo. Nyingi zilipotea, na baada ya majeshi ya Rwanda na Kongo kurushiana risasi karibu na hapo mwezi wa Juni 2014, wataalamu wa nchi mbili walilazimika kupita katika mashamba na miamba wakizitafuta, huku wakiwauliza wakulima wazee ambao baba zao waliziona zikisimama.